Koo Tatu na Kisogo Kimoja

Alhamisi, 3 Oktoba

Katuni imetoka. Ukurasa wa mwisho, juu ya tangazo la magodoro.

Bwana Kisogo amesimama mbele ya bomba jipya, mkasi mkononi, ndiyo kwanza amekata utepe. Raia wamepanga foleni na ndoo zao, wanapiga makofi kwa taabu kwa sababu ya hizo ndoo. Bomba limefunguliwa. Na linatoa — utepe mwingine! Mrefu, mwekundu, unateremka mpaka ndani ya ndoo ya kwanza.

Maneno hakuna. Nikiandika maneno, Tahsin huyakata. Nisipoandika huogopa, ila hajui akate wapi.

Tahsin ndiye mhariri wangu. Miaka kumi na minane tuko pamoja na sijamwona akicheka. Aliitazama katuni, akaigeuza juu chini, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni Bwana Kisogo, yule yule wa siku zote. Akauliza: lakini ni nani? Hakuna mtu, nikasema. Akashusha pumzi. "Hakuna mtu" ndiye mtu anayempenda kuliko wote gazetini.

Kisogo ni changu mwenyewe. Hilo analijua mke wangu Rudaina peke yake, tena sikumwambia — alinifuma. Bafuni, miaka hiyo, nimekipa mgongo kioo cha ukutani, nimeshika kioo chake cha mkononi mbele ya macho, penseli mdomoni. Akasimama mlangoni akaniuliza kama natafuta akili zilikotokea. Lakini ilikuwa dawa! Uso wa waziri ni kesi. Kisogo si cha mtu. Kipara cha duara, mikunjo miwili ya shingo, masikio yaliyojitenga kidogo. Amman nzima imejaa visogo vya namna hiyo, na nusu yake viko serikalini.

Rudaina leo amecheka mpaka akaweka kikombe chini. Kwangu hiyo ndiyo tuzo. Nimelala mchana kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Simu haijanyamaza tangu tutoke msikitini. Katuni inazunguka! Binamu yangu ametumiwa na daktari wake wa meno. Dereva wa teksi kamwonyesha Rudaina bila kujua ni mke wa nani. Kamwambia aliyechora hii ama ni shujaa ama hana watoto. Rudaina akamjibu: mtoto anaye mmoja, na ushujaa hana.

Huyo mtoto mmoja, Sakhr, kapiga kutoka Doha alikoajiriwa. Baba, umeona wanayoandika Waharawna? Sijaona. Usione, akasema. Kisha akanisomea yote.

Ukoo wa Harawna ni wa kule kusini, wengi kama mchanga. Mtu wao, Mhandisi Mukhlid Harawna, alikuwa waziri wa maji serikali mbili kabla ya hii. Nilikuwa nimemsahau kabisa! Kwetu mawaziri huja na kupita kama mafua, kinachobaki ni "Mheshimiwa" — hiyo mtu huzikwa nayo. Sasa kwenye kundi lao la Whatsapp wamekubaliana: mwenye mkasi ni mtoto wetu, na tumetukanwa.

Nimekitazama kisogo upya. Nimejitazama upya. Sijaona Mharawna yeyote.

Jumapili, 6 Oktoba

Tahsin kafunga mlango wa ofisi. Tulikuwa ndani sote wawili, lakini alivyoufunga nilijiona nimefungiwa peke yangu.

Kapigiwa simu na mzee wa Waharawna. Sauti ya upole kabisa, anasema, na hilo ndilo lililomtisha. Mzee kasema hawaendi mahakamani, wao si watu wa mahakama, njia ya wazee inajulikana. Kasema siku Mheshimiwa wao alipofungua mradi wa Wadi Sarum, kijijini kwao kwenyewe, maji yalitoka. Walioyaona wako hai. Aliyekuja baada yake, waziri wa ukoo wa Sumairat, ndiye aliyeyageuzia kwa watu wake. Kwa hiyo bomba la utepe ni uongo juu ya mtoto wao.

"Lakini mimi sikuchora Wadi Sarum," nikasema. "Nimechora bomba."

"Bomba gani?"

"Bomba tu! La kichwani mwangu."

"Basi kawaambie Waharawna wakateke kichwani mwako."

Miaka kumi na minane, na mzaha wake wa kwanza ndio huu.

Nikamwambia tuandike gazetini kwamba hatukumkusudia mtu. Akanieleza alivyoelezwa na mwanasheria: tukiomba radhi, tumekiri kuwa ni yeye, na kumkashifu kiongozi mtandaoni kuna jela. Tukikanusha kuwa si yeye, tumekiri kuwa anafanana naye, na jela ni ile ile. Nikaomba arudie. Akarudia. Mara ya pili nilielewa kidogo kuliko ya kwanza.

Nenda kwa wazee wako, kasema. Haraka, kabla hajatokea mwerevu mmoja akakumbuka sheria.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kaja Ami Dhaifallah mwenyewe, na fimbo yake, ngazi zote zile za jengo letu. Ndiye mkubwa wa ukoo wetu wa Nuwaifat. Ukoo mzima unaenea kwenye basi moja na viti vinabaki, lakini yeye hukaa kana kwamba ana jeshi nje. Katuni kaitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka chai ikapoa.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Ami."

"Wewe umekata utepe lini?"

"Sijawahi."

"Basi si wewe."

Rudaina akakimbilia jikoni. Nilimsikia akijiziba mdomo kwa kitambaa.

"Niambie, Abu Sakhr," Ami akaendelea. "Kazi yako ni kuchora watu wasio na uso?"

"Naam, Ami."

"Na ukiharibu, sisi ndio tunaokwenda kuweka nyuso zetu rehani."

Nikambadilishia chai iliyopoa.

Atakwenda na jaha, msafara wa kuomba suluhu: wazee wetu, na watu wazito wawili watatu wa kuazima, maana wetu hawatoshi kutisha hata kuku. Watakaribishwa kwenye ukumbi wa Waharawna. Kahawa itamiminwa, kikombe kitawekwa mbele yake, naye hatakigusa mpaka ombi letu likubaliwe. Likikubaliwa, anakunywa, na mambo yamekwisha. Lisipokubaliwa, anaondoka na kahawa iko pale pale — na hapo, kasema, ni heri ningekuwa nimechora msikiti unaungua.

"Wewe kazi yako ni kukaa kimya. Ukiulizwa kitu, nitazame mimi."

"Na kahawa?"

"Usiiguse! Hata ikikupigia magoti."

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeharibu. Ya Rabbi, nimeharibu!

Mpiga picha wetu kafiwa na baba yake. Nikaenda kutoa pole, kama mtu yeyote. Hema limejaa, viti vya plastiki, wazee mstari mzima. Nikaketi palipokuwa wazi. Ikaja kahawa. Nikanywa. Kahawa ya msibani, nani anayeikataa? Nikaletewa ya pili, nikanywa. Nikatikisa kikombe, ishara ya kutosheka, nikamrudishia aliyemimina. Alikuwa mzee mwenye masharubu meupe na tabasamu zuri sana. Nikajiambia, angalau dunia bado ina watu wakarimu.

Akaweka mkono begani kwangu, akasimama, akapaza sauti: "Shuhudieni! Mchoraji kanywa kahawa mkononi mwangu, bila neno, bila sharti. Sisi Wasumairat kisogo cha mtoto wetu tumemsamehe!"

Hema zima: Mashallah! Mashallah!

Nami nikasema ahsante. Sijui kwa nini nilisema ahsante. Nimelelewa vizuri, ndilo tatizo langu.

Kumbe Wasumairat nao walikwisha kuamua kuwa ni mtoto wao. Waziri wao alipoingia alifungua mradi ule ule, bomba lile lile, kwa mkasi mwingine. Sikujua! Naapa sikujua. Nilifikiri kufungua mradi ni mara moja, kama kuzaliwa.

Ami alipiga kabla sijafika nyumbani.

"Umekunywa?"

"Kidogo, Ami."

"Kidogo kiasi gani?"

"Viwili."

Nikasikia fimbo ikigonga sakafu, mara moja. Kisha simu ikakatwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Zamu ya maji ya mtaa wetu. Hayakuja. Rudaina kapanda juu ya paa kugonga tangi, kateremka, kanitazama kana kwamba mimi ndimi waziri.

Waharawna wamesikia habari za msibani. Wamewaka! Hoja yao, kama nimeielewa: Wasumairat wanasameheje tusi ambalo si lao? Maana wakisamehe wao, basi bomba kavu ni la mtu wao, na kama ni la mtu wao, mimi nimemtetea waziri wa Harawna — jambo ambalo lingewafurahisha, lakini hawataki kufurahishwa na Wasumairat. Nimeandika sentensi hii polepole na bado siielewi.

Alasiri kapiga simu mtu mstaarabu, kajitambulisha ni mwalimu mstaafu wa ukoo wa Tarashat. Nikajiandaa kutukanwa. Hapana. Ana masikitiko, si zaidi. Mtu wao ndiye aliyekuwa waziri wa kwanza kufungua Wadi Sarum, kabla ya hao wengine wote.

"Mkasi aliushika wa kwanza, ustadh! Picha tunayo. Leo watu wanagombea kisogo, wa kwetu hatajwi hata kwa bahati mbaya. Ni kwa sababu sisi ni wachache?"

Nikamwambia hata sisi ni wachache. Akasema basi utatuelewa. Anaomba nitoe sahihisho.

Sahihisho la nini? Nikamuuliza. Akafikiri. Kisha akasema hilo ananiachia mimi mtaalamu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sharti limekuja. Waharawna watapokea jaha kesho, baada ya swala ya Ijumaa. Watasamehe. Ila nisimame mbele ya watu niseme maneno mawili. La kwanza: niliyemkusudia ni Mheshimiwa Mukhlid, si mwingine, ili Wasumairat wakome kusamehe visivyo vyao. La pili: sitachora tena kiongozi yeyote — kwa uso, kwa kisogo, kwa kivuli.

Ami keshawaambia inshallah. Hakuniuliza.

Na sheria, Ami? Nikikiri mbele ya watu mia moja? Kasema neno lililosemwa ukumbini halitoki ukumbini. Nikamkumbusha kuwa kila mtu pale atakuwa na simu yenye kamera. Kasema simu zitawekwa mifukoni. Nimeshindwa kumjibu mzee wa miaka themanini na moja anayeamini mifuko.

Tahsin naye kasikia, sijui kwa nani. Kaniambia, kwa sura ya mtu anayenitakia nafuu: wewe ni mchoraji hodari, Abu Sakhr, chora maua. Chora paka. Wasomaji wanapenda paka. Nikamuuliza paka wa ukoo gani.

Hakucheka.

Usiku tulikula mimi na Rudaina. Dengu za jana na mkate, hatukuwa na hamu ya kupika. Kisha akasema:

"Miaka ishirini na sita nakilalia jirani hicho kisogo. Koo tatu zinakigombea, na hakuna aliyenijia mimi kuniuliza ni cha nani."

"Ungewaambia nini?"

"Ningewaambia wakichukue, kinakoroma."

Tukacheka wote. Halafu hatukucheka. Akaniuliza, kwa sauti nyingine, kama ninaweza kuishi bila kuchora. Nikasema naweza, watu wanaacha sigara. Akasema wewe uliacha sigara mara saba.

Nimejaribu kuchora paka. Nilipomaliza, alikuwa amevaa tai.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika hapa hapa kwao, kwenye chumba cha wageni pembeni ya ukumbi, kwenye karatasi waliyonipa. Nyuma ya mlango nasikia wanaume mia moja wakijizuia kukohoa.

Nianze mwanzo, la sivyo nitachanganyikiwa zaidi.

Tulikuja magari manne. Wetu sita, wa kuazima watatu, akiwemo jaji mstaafu aliyekuwa amesinzia njia nzima. Ami mbele, joho jipya, kilemba kimepigwa pasi mpaka kinasimama chenyewe. Waharawna wametupokea mlangoni mstari mrefu, mikono, mashavu, karibuni, mmetuheshimu. Hakuna aliyenitazama vibaya. Hata kijana mmoja kaninong'oneza kuwa anapenda katuni zangu, hasa ile ya kodi ya mkate. Mimi ni adui yao au mgeni wao? Sijui. Nadhani hata wao hawajui.

Kahawa ikamiminwa. Kikombe kikawekwa mbele ya Ami. Hakukigusa.

Ami akasema. Sikujua kuwa Ami anajua kusema hivyo! Akasema sisi ni wachache na hatuna cha kuleta ila ndevu zetu nyeupe. Akasema mtoto wetu huyu ana mkono mrefu na akili fupi, mbele yenu yupo. Nikaona wazee wa Harawna wanalainika. Nami nililainika, nusura nijichukie mwenyewe.

Mzee wao, yule wa sauti ya upole, akajibu: kwa ajili ya ndevu hizo tungesamehe damu, sembuse wino. Mtoto wenu asimame tu aseme yale maneno mawili.

Nikamtazama Ami, kama alivyoniagiza. Ami akatazama kahawa.

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Na kilichotoka — Mungu anisamehe — ni ukweli.

"Wazee wangu, kile kisogo ni changu."

Kisha mtu wa nyuma akasema: wewe una mradi gani? Wakacheka kidogo, wakakasirika kwa kucheka. Nikageuka nikawaonyesha! Nikavua kofia. Mbele ya wanaume mia moja, nimewapa mgongo, naonyesha kipara changu kwa kidole, mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili. Kuwapa wenyeji mgongo ukumbini kwao! Kama nilikuwa sijawatukana, basi sasa nimewatukana. Jaji mstaafu akaamka akauliza tumefika?

Mzee wa sauti ya upole akainua mkono. Akasema mtoto kachoka, safari ndefu, apewe chumba, apewe karatasi, ayaandike maneno kwa utulivu kisha aje ayasome. Ndiyo maana niko hapa. Kahawa ya Ami bado iko pale mbele yake. Nilipopita nilimwona hajaigusa na hajaniangalia.

Hayo si makubwa. Kubwa ni hili.

Sijaandika hata neno, mlango ukafunguliwa. Mhandisi Mukhlid mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza namwona kwa karibu. Mrefu, mpole, suti ya kijivu. Na nywele! Nywele nyingi, nyeusi-nyeupe, zimesimama kama brashi mpaka shingoni. Hafanani na Bwana Kisogo hata kwa ukucha. Watu mia moja pale nje wanamjua tangu azaliwe, na hakuna aliyeliona hilo.

Akafunga mlango. Akakaa kitandani, mikono katikati ya magoti.

"Ustadh, sikuja kukulazimisha. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, Mheshimiwa?"

"Juu ya bomba."

Nikasema hakuna aliyeniambia. Akatabasamu kwa huzuni, kama daktari anayedanganywa na mgonjwa.

"Unamlinda. Sawa. Lakini aliyekuambia alikuambia yote, maana umechora utepe unatoka bombani, hukuchora bomba kavu. Watu wengine wote wangechora bomba kavu."

Nikanyamaza. Sikuwa nafanya ujanja, nilikuwa sielewi. Na kwa kuwa nilinyamaza, akaendelea. Ndivyo watu walivyo — kimya chako wanakijaza wenyewe.

Mabomba hayakuwa yamefika, kasema. Yamekomea barabara kuu. Wote watatu walijua. Yule wa kwanza alikata utepe bila kufungua bomba kabisa, wakasema presha bado. Yeye ilipofika zamu yake aliona aibu, kijijini kwao, mama yake amekaa mstari wa mbele. Basi wakaegesha boza la maji nyuma ya ukuta, wakapitisha mpira, wakaunganisha. Maji yalitoka muda wa hotuba na picha. Wanawake walijaza ndoo wakapiga vigelegele. Mama yake alinawa uso. Boza likaisha.

"Baadaye?" nikauliza.

"Baadaye serikali ikavunjwa. Akaja wa Sumairat. Watu wakasema yeye ndiye aliyeyafunga. Mimi sikusema hivyo, ustadh. Sikusema neno. Wao ndio waliosema."

Hakusema neno! Miaka hiyo yote. Na wale walioko ukumbini, nusu yao wananunua maji ya boza mpaka leo, na wamewanunia Wasumairat misibani na harusini kwa ajili ya mpira uliopita nyuma ya ukuta.

Halafu akanishika mkono. Akasema anashukuru kuwa nilimficha uso. Angalau mtu mmoja alijua, na alikuwa na adabu. Anachoomba ni nisome maneno yale mawili. Nikisema nilimkusudia yeye, wazee wataamini ni tusi, tusi husamehewa, basi. Lakini nikiendelea kusema ni kisogo changu, watu watageuka waanze kuulizana: kama si matusi, ni nini? Kwa nini utepe? Na mama yake yuko hai, kasema. Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Anasimulia maji yale mpaka kesho.

Alilia kidogo. Nami, mjinga, nikampa kitambaa changu.

Nilitaka kumwambia sikujua. Kwamba nilichora mzaha, mzaha tu, juu ya tangazo la magodoro, na ukweli ukaja wenyewe ukaketi ndani yake. Lakini nikimwambia hivyo, atajua kakiri bure, kwa mtu asiyejua kitu. Nisipomwambia, mimi ni shahidi. Shahidi asiyeona! Nikisoma maneno mawili: Ami anakunywa kahawa, Mheshimiwa anapumua, kalamu yangu inabaki hapa, na Waharawna wanaendelea kuwachukia Wasumairat na kununua maji. Nisiposoma: Ami anasimama na kikombe kimejaa, miaka themanini na moja, na anatembea mpaka garini mbele ya watu wote.

Na nikisema la tatu, lile la boza? Nani ataniamini? Mtu aliyewaonyesha kipara!

Mheshimiwa katoka kwenda kuswali. Kasema akirudi tutaingia pamoja, yeye ananishika mkono, iwe picha nzuri.

Nimeandika juu ya karatasi nyingine, safi, kwa hati nzuri: "Wazee wangu watukufu." Nimeishia hapo. Ukumbini mtu kauliza kama kahawa ibadilishwe, imepoa. Nimesikia sauti ya Ami: iacheni.

Nilidhani nafikiri. Sasa nimeangalia chini — chini ya "watukufu" mkono umeshachora ukuta. Bomba mbele ya ukuta. Bibi mzee amekaa kwenye kiti, uso umelowa, anacheka. Nyuma ya ukuta, boza. Matairi yote. Mpira. Dereva ameegemea mlango, ana uso, na nimempa hata masharubu. Mtu wa mkasi bado sijamchora. Nafasi yake iko wazi katikati, na sijui nimgeuze upande gani.

Nyayo. Anabisha hodi chumbani kwao wenyewe, masikini. Anauliza, ustadh, umemaliza?

Nimesema bado kidogo.